Angekuwa jemadari mwingine, vita vingekwisha vinginevyo?

Mbele ya ngome ya Lamu, pale Mkunguni, haipiti wiki bila vita kuzungumzwa. Redio ikitaja mji uliotekwa au jemadari aliyeachishwa kazi, kahawa haijapoa mtu kashasema: "Wangempa fulani lile jeshi, mambo yangekwisha zamani." Mwenzake atajibu kwamba hata wangempa Salahuddin mwenyewe isingefaa kitu. Adhana ya magharibi huwakuta bado wanabishana.

Ubishi huo una maana, ila wabishi wenyewe huwa wanajibu maswali mawili tofauti huku kila mmoja akidhani ni moja. Kosa hilo kwa sehemu ni la lugha. Kiswahili kina neno moja, vita, kwa mambo yasiyolingana hata kidogo: Vita vya Shela vilikuwa kazi ya siku, Vita Vikuu vya Pili vilikwenda miaka 6. Ukiuliza kama kiongozi mwingine angebadili "vita", lazima kwanza useme vita vipi.

Basi tugawe maneno. Pigano ni pale majeshi mawili yanapokutana, siku moja au chache, mahali panapojulikana. Vita ni mfululizo wote, tangu kuanza hadi upande mmoja kukubali. Jemadari ndiye anayeamua pigano lifanyike wapi, lini na kwa watu gani. Juu yake yuko mwenye nchi, sultani au rais, anayeamua kupigana au kuacha. Na chini ya wote wawili kuna kitu ambacho wabishi hukisahau kwa sababu hakina jina la mtu: masurufu. Yaani chakula, maji, risasi, dawa, na leo mafuta.

Mfano wa karibu ni nahodha. Nahodha haleti kaskazi wala hazuii kusi. Anachoamua ni siku ya kung'oa nanga, mzigo wa kupakia na njia ya kupita. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa tu. Mwenye kujua hupita, asiyejua hukaa matopeni akingoja. Kwa hiyo nahodha ana maana kubwa sana katika safari. Lakini wape manahodha kumi chombo chenye tanga bovu na waambie wakaze dhidi ya kusi la Julai, tofauti kati ya bora na hafifu wao itakuwa nani amechelewa zaidi.

Sasa tuje Shela, maana hapo ndipo jemadari anapoonekana kuwa kila kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1810, Pate na Mazrui wa Mombasa waliungana kuitia Lamu mkononi. Walishuka ufuoni Shela, kama kilomita 3 kutoka mjini. Watu wa Lamu, waliokuwa wamegawanyika kwa miaka mingi kati ya makundi mawili ya mji, Zena na Suudi, wakatoka pamoja na kuwavunja. Wavamizi wakakimbilia vyombo vyao. Maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Waliuawa hapo hapo pwani, wengi mno, na mifupa ilibaki ikionekana kwenye vilima vya mchanga miaka mingi baadaye.

Watu husimulia habari hii kama bahati au kama miujiza. Mimi naiona kama hesabu ambayo mtu hakuifanya. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hufika kama mita 3. Maji hayashuki sawasawa. Katika saa ya kwanza baada ya kujaa hushuka kama sentimita 25, saa ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha mwendo hupungua tena. Chukua chombo kilichoegeshwa ufuoni maji yakiwa kileleni, kikiwa na nusu mita ya maji chini ya mkuku. Saa moja na nusu baadaye kimekaa. Hakitaelea tena mpaka saa moja na nusu kabla ya maji kujaa upya, na kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika kama 25. Toa saa 3. Yabaki saa 9 na zaidi za kutokuwa na njia ya kurudi.

Katika saa moja na nusu hiyo huwezi kushusha mamia ya watu, kuwapanga, kuwapitisha kilomita 3 za mchanga, kupigana na kurudi. Kutembea peke yake, mtu asiyebeba silaha wala kupigwa risasi, ni kama dakika 40 au zaidi. Kwa hiyo aliyepanga kushuka namna ile alikuwa amepanga ushindi tu. Hakupanga kushindwa.

Jemadari mwingine angefanya nini? Angeweza kutia nanga kwenye kina cha mlango, kati ya Shela na Manda, na kuwashusha watu kwa vyombo vidogo. Gharama yake: watu hufika ufuoni kidogo kidogo, na waliotangulia hupigwa kabla wenzao hawajafika. Angeweza kuja maji yakianza kujaa, apate karibu saa 6 ambazo vyombo vinapanda badala ya kushuka. Gharama yake: watu watembee mchanga mrefu uliolowa, wazi, bila pa kujificha. Au angeacha kikosi cha nyuma kulinda vyombo na kuvisukuma kila maji yanaposogea, kisha apigane na watu pungufu. Hakuna njia ya bure kati ya hizo, lakini zote tatu zinazuia yale mauaji ya ufuoni.

Je, zingempa mji wa Lamu? Hapo ndipo ninapomwomba mbishi apunguze kasi. Kuokoa watu wako na kuutwaa mji ni mambo mawili. Mji ulikuwa umeungana, unapigana nyumbani, na haukuhitaji kusafirishiwa hata kibaba cha unga. Wavamizi walikuwa na chakula walichokuja nacho chomboni. Kitu pekee ambacho jemadari mkali angeweza kukitumia ni maji: maji matamu ya kisiwa hukaa chini ya vile vilima vya mchanga vya Shela. Angekaa juu yake, akangoja. Ingawa mji nao ulikuwa na visima vyake, kwa hiyo kungoja kungemchosha yeye kwanza.

Shela ni mfano wa aina ya pekee. Pande mbili zinakaribiana kwa nguvu, mambo yote yanaamuliwa siku moja, na hakuna jeshi la pili la kuleta kesho. Katika hali kama hiyo uamuzi wa mtu mmoja hubadili historia kweli. Malindi iliwahi kusimama kwenye ukingo huo huo mwaka 1589, Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipofika baada ya kuivuruga Mombasa. Kilichouokoa mji ni Wasegeju waliokuja kusaidia na kuwapiga Wazimba. Anayetaka kumsifu jemadari wa Malindi kwa siku ile, amsifu kwanza aliyekuwa amejenga urafiki na Wasegeju kabla ya hatari kufika. Kazi hiyo haifanywi na upanga, na mara nyingi haihesabiwi kuwa uongozi wa vita.

Vita virefu ni jambo jingine, na mfano wake mzuri uko Afrika Mashariki yenyewe.

Novemba 1914, katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walipeleka Tanga askari wapatao 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani walikuwa kama 1,000, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Aitken hakupeleleza mji vya kutosha, na meli yake ya kivita ilimpa adui taarifa mapema kwamba makubaliano ya amani yamekwisha. Lettow-Vorbeck akapata muda wa kuteremsha watu kwa reli kutoka kaskazini. Waingereza walishindwa na kuondoka, wakaacha bunduki za rashasha na risasi karibu 600,000, ambazo Wajerumani walizitumia kwa miaka. Nyuki nao waliingia vitani siku ile. Hadithi ya nyuki watu huipenda mno, wakasahau upelelezi.

Hapa jemadari alibadili pigano waziwazi. Sasa tazama yaliyofuata. Aitken aliondolewa, akaja Wapshare, kisha Tighe. Aliteuliwa Smith-Dorrien, akaugua njiani. Akaja Smuts mwaka 1916, kisha Hoskins, kisha van Deventer. Upande wa pili alikuwa mtu mmoja tu, miaka yote minne. Hakuna kati ya hao aliyemkamata. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha mwenyewe Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki 2 baada ya vita kwisha Ulaya.

Mbishi wa kwanza atasema: umeona, jemadari bora hashindwi! Wa pili atasema: umeona, alishinda nini? Koloni lilikwenda, nchi yake ilishindwa. Wote wawili wanasema kweli, na jibu liko katikati yao. Alichobadili mtu yule ni urefu wa vita na gharama yake. Mshindi hakumbadili.

Gharama hiyo hueleweka ukipiga hesabu ya mpagazi. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hiyo mbali na reli kila kitu kilikwenda kichwani. Tuseme mpagazi hubeba kilo 25 za unga, hula kilo 1 kwa siku, hutembea kilomita 20. Akienda siku 5 na kurudi 5, amekula kilo 10 njiani na amefikisha 15. Akienda siku 10 na kurudi 10, amefikisha kilo 5. Akienda siku 12 na nusu, yaani kilomita 250, amekula mzigo wote na hakufikisha kitu.

Endelea. Askari 1,000 walioko kilomita 200 mbele wanahitaji kilo 1,000 kwa siku. Kila mpagazi anafikisha 5, basi wapagazi 200 lazima wafike kila siku. Safari ya kila mmoja ni siku 20. Unahitaji watu 4,000 njiani muda wote, kwa unga peke yake, bila risasi, bila dawa, na bila kuhesabu anayeugua kuhara au mvua inayozamisha njia. Hivyo ndivyo jina la Kariakoo lilivyozaliwa, kutokana na kikosi cha wabebaji, na ndiyo maana waliokufa kwa kubeba walikuwa wengi kupita kiasi kuliko waliokufa kwa risasi. Makumi ya maelfu yao.

Smuts alikuwa na haraka, akawasukuma watu wake mbele ya masurufu yao katika masika. Walikwenda mbali kwenye ramani, wakafika mifupa. Jemadari mpole angekwenda polepole na kuzika watu wachache zaidi. Lakini hata yeye asingeifuta ile namba 250.

Kuna wakati kubadili jemadari kulisaidia kweli, na mfano wake unaelezea vizuri sharti lake. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Rais Lincoln alibadili wakuu wa jeshi lake la mashariki mmoja baada ya mwingine: McClellan, Burnside, Hooker, Meade, mpaka mwaka 1864 alipomweka Grant juu ya majeshi yote. McClellan alikuwa fundi wa kulijenga jeshi na mwoga wa kulitumia. Septemba 1862 askari wake waliokota karatasi iliyozungushiwa sigara 3. Ndani mlikuwa na mpango mzima wa adui yake, Lee. Hata kwa zawadi ile alikawia karibu siku nzima. Siku chache baadaye wakapigana Antietam, maelfu wakafa, Lee akaondoka na jeshi lake.

Grant hakuwa na siri. Alipigwa vibaya katika msitu wa Virginia Mei 1864, na badala ya kurudi nyuma kama waliomtangulia, aliendelea kusini. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu upande wake ulikuwa na watu zaidi ya mara mbili, viwanda na reli. Grant bila hayo angekuwa jemadari mkaidi aliyemaliza watu wake. Na hayo bila Grant yalikuwapo miaka 3 bila kuzaa matunda. Ndilo sharti lenyewe: jemadari mpya hufaa pale nguvu ipo na haitumiki. Pasipo na nguvu ya kutumia, unabadili picha ukutani.

Pigano la El Alamein, huko Misri katika Vita Vikuu vya Pili, husimuliwa kama mchezo wa watu wawili, Montgomery wa Waingereza na Rommel wa Wajerumani. Pigano lilipoanza tarehe 23 Oktoba 1942, Rommel alikuwa Ulaya akitibiwa. Aliyeshika nafasi yake, Stumme, alifariki kwa moyo siku iliyofuata, na Rommel akarudi tarehe 25. Kwa hiyo hapa tuna jeshi lililoongozwa na watu wawili katika pigano lile lile, na matokeo hayakugeuka. Waingereza walikuwa na vifaru kama 1,000 dhidi ya nusu yake. Bandari kuu ya Tripoli ilikuwa zaidi ya kilomita 2,000 nyuma ya Rommel, na lori linaloleta mafuta hula mafuta. Ni mpagazi yule yule, safari hii ana magurudumu.

Hapo imani moja iliyoenea inastahili kuguswa, kwamba Wajerumani wangeishinda Urusi kama Hitler asingewaingilia majemadari wake. Asili yake ijulikane. Baada ya vita, Franz Halder, mmoja wa majemadari wakuu wa Hitler, na wenzake waliandika kumbukumbu nyingi, nyingine kwa kazi ya jeshi la Marekani, na mwenye lawama alikuwa mmoja aliyekwisha kufa. Hitler alikosea sana, hilo halina ubishi. Lakini mpango wa kuingia Urusi mwaka 1941 majemadari waliuandaa wenyewe na wengi waliuamini. Reli za Urusi zilikuwa pana kuliko zao kwa karibu sentimita 9, kwa hiyo treni zao hazikuweza kupita mpaka reli zisogezwe. Hakuna jemadari anayeamrisha sentimita.

Upande wetu tuna Vita vya Kagera, Tanzania dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Machi 10, 1979, huko Lukaya nchini Uganda, brigedi moja ya Tanzania yenye wanamgambo wengi wapya ilipigwa kwa maroketi ya Walibya waliomsaidia Amin, ikavunjika. David Musuguri, mkuu wa divisheni, hakuituma tena mbele peke yake. Aliizungusha brigedi nyingine usiku kupita nyuma ya adui hadi barabara ya Kampala, na alfajiri ya tarehe 11 wakapiga pande mbili. Huo ni uongozi wa pigano kama unavyofundishwa. Lakini Amin alikuwa ameshindwa pigano kubwa zaidi mwenyewe, miaka mingi nyuma, alipowaua na kuwafukuza maofisa wake. Kampala ilianguka Aprili 11.

Kwa hiyo jioni ijayo Mkunguni, mtu akisema "angekuwa fulani", yako maswali ya kumtega nayo. Je, huyo fulani unampa habari ambazo yule wa awali hakuwa nazo? Kujua leo kwamba adui alikuwa kushoto si ushujaa. Je, ana mamlaka ya kuamua hilo, au ni la sultani? Je, adui umemwacha akae kimya wakati wako anabadili mpango? Huyo naye angebadili. Na je, unga wake unafika?

Mpitishe jemadari wetu mpya wa Shela katika maswali hayo. Habari za bamvua alikuwa nazo. Kila mtoto wa pwani anazo. Mamlaka ya kuchagua siku na saa alikuwa nayo. Watu wa Lamu wasingekaa kimya, lakini wasingeweza kuzuia vyombo kuelea. Unga wake ulikuwa wa siku chache. Basi huyu angerudi Mombasa na Pate na watu wengi hai, bila mji. Na Lamu, ikijua jeshi zima la adui bado lipo, huenda ingemwendea Sayyid Said wa Omani kuomba ulinzi kwa haraka kuliko ilivyofanya. Kwa kweli ilimwendea. Akaleta liwali na askari, ngome ya Mkunguni ikamalizwa karibu mwaka 1821, na Mombasa ya Mazrui ikaingia mkononi mwake mwaka 1837.